Pole za Mzee Kasimiri

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nimepanda cheo! Kuanzia leo mimi si karani wa kupokea magogo tena. Mimi ni mkalimani.

Asubuhi Meneja alituita wote uwanjani. Pembeni yake Mzungu mgeni, mrefu, shingo nyekundu kwa jua la Tabora, ameshuka na treni ya jana. Meneja akauliza nani anajua Kiingereza sawasawa. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Shilinde, nyapara wetu, akasema mbele za watu kwamba nina kiherehere. Wivu tu. Yeye Kiingereza chake ni "yesi" na "no", na hivyo viwili anavichanganya.

Mgeni ni daktari, lakini hana dawa. (Watu walishaanza kukunja suruali wamwonyeshe vidonda.) Elimu yake ni mpya hata huko kwao: anatafuta kwa nini watu huumia kazini. Hatari inakaa wapi? Kwenye msumeno? Kwenye meza? Au ndani ya mtu mwenyewe? Amekuja kuisoma hapa kwenye kiwanda chetu cha mbao, kisha ataandika ripoti.

Akaniuliza hicho anachokichunguza kwa Kiswahili kinaitwaje. Nikamwambia, ajali. Alilipenda neno! Akasimama mbele ya watu, mkono kifuani, akasema, "Mimi Bwana Ajali!"

Hakuna aliyepiga makofi. Siwema anayetuuzia uji alijitwisha chungu chake akaondoka.

Nilimshauri kwa adabu kwamba jina hilo halifai. Akasema linafaa sana, ni fupi.

Jumatano, 4 Julai

Siku mbaya. Bwana Ajali ametoa utepe na kuanza kupima watu. Urefu, mabega, mkono kutoka kwapa mpaka kidole. Anasema meza inatakiwa imfuate mtu, si mtu aifuate meza. Ni maneno ya maana, nami niliyatafsiri vizuri sana. Lakini sisi hapa tunatengeneza na majeneza! Kila fundi anajua mtu hupimwa urefu kwa ajili gani. Na anayekupima anaitwa Ajali! Jilala seremala, mtu mzima na ndevu zake, alijificha nyuma ya marundo ya mbao mpaka Shilinde akamtoa kwa kumvuta shati.

Aliyekubali kwanza ni Mzee Kasimiri, mnoa misumeno. Baba yake Flavia, mchumba wangu. Alisimama wima akapimwa kila mahali, na alipomaliza akasema, "Asante, Bwana. Pole na kazi."

Bwana Ajali akanigeukia. Amesemaje?

Sasa, Kiingereza cha "pole" kila mtu anakijua, ni "sori". Hata mpishi wa Meneja anacho. Nikaona ni kifupi mno, hakina hadhi ya mkalimani. Nikaweka kile kirefu, cha kwenye barua za kuomba radhi serikalini. Nikasema, "Anaapolojaizi, Bwana." Lilitoka vizuri, na mkia wake wote.

Bwana Ajali akainua nyusi. Anaapolojaizi kwa nini? Nikajibu, kwa ajili ya kazi, Bwana. Akamtazama Mzee kwa muda mrefu, akaandika.

Nadhani amevutiwa na Kiingereza changu.

Jumapili, 8 Julai

Tangazo la kwanza la ndoa yetu limesomwa! Padri alisoma jina langu na la Flavia binti Kasimiri, wa Cheyo, akauliza kama kuna ajuaye kizuizi aseme. Mtu akapiga chafya, nikadhani ni kizuizi. Bado matangazo mawili.

Flavia alipita karibu yangu pale nje, kitambaa cha kijani kichwani, akaninong'oneza kwamba nimefunga tai kama ng'ombe wa mnada. Nampenda!

Jumanne, 10 Julai

Bwana Ajali ana shida, na aliniambia mimi peke yangu. Kila akiuliza nani alisababisha ajali fulani, watu wanamjibu ni Mungu. Au bahati mbaya. Au ajali ni ajali tu. Hakuna anayemtaja mwenzake. (Angetegemea nini? Mtu amtaje mwenzake, kisha jioni warudi nyumbani njia moja?)

Basi amebuni njia yake. Kwa elimu yao, katika kila kiwanda yupo mtu mmoja anayevuta ajali. Hajijui, lakini zinamfuata, na zinawaangukia walio karibu. Na mwenye kosa, anasema Bwana, hata asipotajwa huomba radhi mwenyewe. Basi atasikiliza tu nani anaomba radhi, na huyo ataondolewa kazini. Nikamsifu. Nilimsifu, mimi!

Mchana Jilala akaangukiwa na ubao wa mninga kwenye kidole gumba cha mguu. Alipiga yowe! Na nani anatoka huko mwisho kabisa, kwenye kibanda cha kunolea, anakuja mbio na magoti yake mabovu? Mzee Kasimiri. "Pole, mwanangu! Pole sana! Pole, pole!" Akamkalisha, akampulizia kile kidole.

Bwana Ajali alikuwa nyuma yangu. Nilisikia kalamu inakwaruza.

Alhamisi, 12 Julai

Nimeona kitu leo.

Bwana Ajali alimwagiza Jilala achonge kiwanda kidogo cha mbao, cha kukaa mezani. Anakiita modeli. Kizuri kweli: mlango, meza ya msumeno, kibanda cha kunolea, na watu! Kila mfanyakazi na kijidoli chake. Jilala alijichonga mwenyewe mwenye mabega mapana. Shilinde kampa tumbo.

Leo nimeitwa kufagia vumbi mezani. Ndani ya vile vijidoli kuna pini! Kila aumiaye, Bwana anafunga uzi mwekundu kutoka kijidoli chake mpaka kwa yule aliyeomba radhi, na huyo wa pili anachomwa pini. Jilala hana pini. Shilinde hana. Nyuzi zote, kutoka kila pembe, zinaishia kwenye kibanda cha kunolea. Mzee Kasimiri amechomwa pini mwili mzima.

Niliweka ufagio chini.

Na Mzee mwenyewe hana habari! Anazidi kujichoma! Siwema karudi na uji wake leo, amevaa kaniki. Kaka yake amefariki huko Choma. Mzee akamwendea na kofia mkononi: "Pole kwa msiba, mama." Bwana Ajali akanishika mkono. Kuna nini? Nikasema kaka yake amekufa. Wapi? Choma, Bwana. Akauliza Choma ni mbali? Nikasema mbali sana, kule Igunga.

Akanong'ona, "Mpaka Choma?" Uso umempauka.

Ijumaa, 13 Julai

Nimejaribu kusahihisha. Nilimwambia lile neno langu lilikuwa kubwa kupita kiasi, ningesema tu "sori". Akacheka. Akasema ni kitu kilekile, ila langu lina adabu zaidi. Nikamwambia Mzee hakufanya kosa lolote. Akauliza, kwa nini mtu aombe radhi kwa kosa ambalo si lake?

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Tangu darasa la kwanza mpaka la kumi, hakuna mwalimu aliyenifundisha neno hilo! Na kwao lazima lipo. Kwani kwao watu hawaumii? Hawafiwi?

Kisha akaniambia mwezi ujao anakwenda kwenye viwanda vya Kaliua na njia yote ya Mpanda, na anataka mkalimani mmoja tu, mimi. Kwa treni, daraja la pili. Nikasema asante, Bwana. Ya Mzee sikuyarudia.

Jumapili, 15 Julai

Tangazo la pili. Sikumsikia hata Padri.

Habari za pini zimefika Cheyo. Bila shaka ni mdomo wa Jilala. Mji mzima unajua kwamba Mzungu ana sanamu ya Mzee Kasimiri na anaichoma. Wengine wanasema hata mgongo umeshaanza kumuuma. Mgongo unamuuma tangu vita ya Wadachi!

Nilikwenda kwao jioni. Mkwe ni mkwe, siwezi kuingia na kumweleza mzee jambo la aibu uso kwa uso. Nikakaa kwenye kigoda nje, macho chini. Mzee akaniuliza habari za kazi, akanipa pole ya kumtafsiria mgeni kutwa nzima. "Unachoka, mwanangu. Lugha mbili kinywa kimoja." Nilitamani ardhi ipasuke!

Nilimwambia Flavia, yeye yuko upande wa pili wa ua anatwanga. Nilimweleza yote, na ule mkia wa apolojaizi. Mchi ukasimama.

Akasema, "Kwa hiyo baba yangu anafukuzwa kazi kwa sababu wewe ulitaka kuonekana msomi?"

Nikasema bado hajafukuzwa.

"Sikia, Ambrosi. Baba akifukuzwa kwa kinywa chako, kinywa hicho hakitasema 'nakubali' mbele ya Padri na mimi nimesimama pembeni. Tangazo la tatu lije tu. Kizuizi nitakitangaza mwenyewe."

Na angeweza. Mnamjua? Mimi namjua.

Jumatatu, 16 Julai

Meneja ameonyeshwa nyuzi. Ameafiki palepale! Kiswahili cha Meneja ni "lete", "peleka" na "upesi". "Pole" naye anaijua: kwake ni kinyume cha upesi. Akagonga meza. Kumbe huyu mzee miaka yote anapita anawaambia wenzake wafanye kazi polepole!

Nikasema hapana, Bwana, hiyo ni nyingine. Akasema hata yeye anajua Kiswahili, asante.

Mzee ameambiwa akae nyumbani wiki nzima, iwe majaribio. Ajali zikikoma, basi ni yeye, na hatarudi. Nilitakiwa nimtafsirie. Nilimwambia apumzike kidogo. Mzee akavua aproni yake ya turubai, akaikunja, akampa Bwana Ajali mkono, akamwambia, "Poleni na kazi."

Bwana Ajali akachukua pini nyingine.

Jumatano, 18 Julai

Shilinde amepiga marufuku. Asubuhi alipanda juu ya gogo akatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna kusema pole ndani ya geti. Si pole na kazi, si pole na jua, si pole ya aina yoyote. Atakayeumia anyamaze, atakayeona anyamaze. Anataka kuokoa watu wake. Sasa namwonea huruma, na hilo sikulitarajia.

Saa nne msumeno ukarusha kibanzi kikamchana Jilala mkono. Damu! Watu walimzunguka. Wamemfunga kitambaa, wamemletea maji, na wote midomo imebanwa, wanatazama paa. Jilala anatugeukia mmoja mmoja, anangoja. Hakuna. Mwisho akaanza kulia, mtu na ndevu zake! Akasema mkono hauumi sana, ila yeye kawakosea nini wenzake?

Bwana Ajali alipita. Akasikiliza. Akaona hakuna aliyeomba radhi. Akasema hii sasa ni ajali safi, haina mwenyewe, haihesabiki.

Nilikwenda nyuma ya marundo ya mbao nikasema "pole, Jilala" peke yangu, kwa sauti ndogo. Haikunisaidia kitu, na yeye hakunisikia.

Ijumaa, 20 Julai

Wiki nzima, hakuna ajali hata moja! Kwa hesabu ya Bwana, yaani. Kwa hesabu yetu vidole vitatu, goti moja, na Shilinde mwenyewe kabanwa na mlango, akavumilia huku machozi yanamtoka na anasema ni vumbi.

Bwana Ajali ana furaha ya bwana harusi. Elimu yake imethibitika. Jumatatu atachoma pini ya mwisho mbele ya Meneja na wafanyakazi, ripoti itasainiwa, na Mzee Kasimiri basi.

Akanipiga bega. Kaliua, Ambrosi!

Jumapili, 22 Julai

Tangazo la tatu. Padri akauliza kama kuna kizuizi. Flavia alisimama. Kanisa lote likageuka. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Akarekebisha kitambaa chake kichwani, taratibu kabisa, akakaa.

Nje akaniambia, "Mpaka kesho."

Jumatatu, 23 Julai. Nimekaa juu ya gogo, nje ya ofisi

Nimetolewa nje. Naandika upesi.

Asubuhi tuliitwa wote ofisini kwa Meneja, modeli iko mezani. Bwana Ajali alieleza, nikatafsiri. Kisha akachukua pini ya mwisho. Kijidoli cha Mzee kimejaa, hakuna nafasi, mti wa mninga nao mgumu. Akaomba nyundo. Akaweka pini kichwani kwa Mzee, akainua nyundo, akajigonga kidole gumba!

Lo! Aliruka! Nyundo huko, pini huko, kiwanda kizima na nyuzi zake kikamfuata miguuni. Akakitia kidole mdomoni, anazunguka mle ofisini, anaugua.

Na sisi? Shilinde anatazama paa. Jilala anatazama paa. Wote paa. Amri ni amri. Mtu anaumia katikati yetu, ametoka mbali, hana mama hapa wala dada, na hakuna hata mmoja wa kumwambia neno. Lilikuwa jambo baya kulitazama. Na mdomo wangu, mimi sikuutuma —

"Pole, Bwana! Pole sana!"

Akasimama. Kidole mdomoni, macho kwangu. Neno hilo analijua! Ndilo pekee analolijua vizuri. Akatazama nyundo. Akanitazama mimi, niliye mlangoni, mbali kabisa na nyundo. Akatazama nyundo tena.

Meneja akauliza, huyu anaomba radhi ya nini? Au anamwambia ajigonge polepole? Nikasema hapana, siombi radhi. Sikuwahi kuomba. Na Mzee Kasimiri hakuwahi kuomba hata siku moja. Mkalimani ndiye aliyeweka neno lisilokuwepo! Nilisema hivyo hivyo, kwa Kiingereza, mbele ya wote. Basi, akauliza Bwana Ajali, ulichosema sasa hivi ni nini?

Nikafungua mdomo. Palepale pa siku ile. Hakuna kitu!

Meneja akasema nitoke, nikirudi niwe na Kiingereza chake, la sivyo wanasaini. Basi nipo hapa. Nimejaribu kila neno nililonalo. "Naumia na wewe"? Siumii, kidole si changu. "Nimekuona"? Askari ndiye husema hivyo. Kaliua imeshakufa, najua. Flavia sijui.

Mungu wangu — nani yule getini?

Ni Mzee! Kanzu ya Jumapili, koti juu yake, kuku mweupe kwapani. Siwema yuko nyuma yake anahema. Kumbe ndiye aliyekimbia na habari mpaka Cheyo. Nimesimama, shikamoo baba. Marahaba, mwanangu. Anasema amesikia mgeni wetu ameumia.

Nimemwambia asiingie! Nimesahau kabisa ukwe, nimemshika mkono wa kanzu. Baba, ukisema pole mle ndani umekwisha, watasema ni wewe. Wanazo pini, baba!

Akasema habari za pini anazo. Akaninyooshea kola ya shati.

"Mtu kaumia, Ambrosi," akasema. "Shika huyu kuku nifute viatu."

Nikamshika kuku. Kafuta viatu. Kachukua kuku wake. Sasa yuko mlangoni.

"Hodi!"

Nasikia kiti kinasogezwa. Nasikia sauti yake: "Pole sana, Bwana. Pole sana kwa kidole. Poleni nyote jamani." Kuku anapiga kelele.

Meneja anauliza kwa ukali, huyu alikuwa wapi kidole kilipogongwa? Wote mle ndani wanajua, na wote wanajua kwa Kiswahili.

Bwana Ajali ananiita. "Ambrosi!" Si sauti yake ya siku zote. Ni ya mtu aliyeshikishwa kuku.

Naenda. Kiingereza cha pole bado sina. Ila kwamba Mzee Kasimiri alikuwa nyumbani kwake Cheyo, wala hana kosa la kuombea radhi, hilo naliweza, na nitalisema kwa maneno mafupi.